Kupima asbesto kwenye nyumba na majengo ya zamani: kuanzia paa hadi ripoti ya maabara

Maswali ninayoulizwa ni yaleyale. "Nitajuaje kama paa langu ni la asbesto?" "Nivunje kipande nikiangalie?" "Fundi anasema akiligonga tu anajua, ni kweli?" "Maji ya mvua ya paa hili tunakunywa, tutaugua?" Wanaouliza ni watu waliorithi nyumba Tanga au Mombasa, walimu wakuu wa shule zilizojengwa miaka ya 1960 na 1970, wasimamizi wa maghala, na kamati za misikiti na makanisa zinazochangisha pesa za paa jipya. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Majibu mafupi ya yale matatu ya kwanza: kwa macho huwezi kujua kwa uhakika, usivunje, na hapana, si kweli. La maji nitalifikia mbele.

Mwongozo huu haukufanyi kuwa mpimaji. Kukata sampuli ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Lakini wewe mwenye jengo ndiye unayeagiza kazi, unayelipa, na unayebaki na ripoti mkononi. Ukijua kazi inavyotakiwa kwenda, hakuna atakayekuvunjia bati kwa nyundo mbele ya wanafunzi akakwambia amepima.

Nadharia kidogo tu

Asbesto ni madini ya asili yenye nyuzi nyembamba sana, hata moja moja huwezi kuiona kwa macho. Zamani zilichanganywa na saruji, plastiki, lami na rangi kwa sababu haziungui, haziozi na hazishiki kutu. Pwani, ambako chumvi ya bahari hula bati la chuma mapema, hilo la kutu lilikuwa na uzito. Ndiyo maana watu wameyaita "mabati ya asbesto", ingawa ni saruji, si chuma.

Nyuzi zikiwa zimeshikwa ndani ya saruji nzima, hazikusumbui. Shida huanza pale kitu kinapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa au kuchakaa: nyuzi hupanda hewani, mtu huzivuta, na zikifika ndani ya mapafu nyingine hazitoki tena. Ugonjwa huja baada ya miaka 20 hadi 40, pengine zaidi: makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesothelioma, ambayo ni saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Aina zote za asbesto husababisha saratani, hata ile iitwayo nyeupe (krisotaili). Kwa mvutaji sigara, hatari ya saratani ya mapafu hupanda maradufu na zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kwako wewe mwenye jengo:

- Mwaka wa kujengwa na miaka ya kila ukarabati, hata kwa kukisia.
- Ramani ya jengo. Kama hakuna, chora kwa mkono: vyumba, stoo, dari, chumba cha jenereta au boila.
- Simu ya kupiga picha, daftari na kalamu.
- Orodha ya kazi unazotaka kufanya baadaye: kubadili paa, kuweka sola, kubomoa ukuta, au kuacha kama lilivyo.
- Ruhusa ya maandishi ya kufunga eneo kwa saa chache.

Vya mpimaji (avilete mwenyewe, nawe uvikague akifika):

- Barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P3 au P100, yaani daraja la juu la kuzuia vumbi laini. Ya kitambaa haifai, ya hospitali haifai, na N95 haitoshi.
- Ovaroli ya kutupwa yenye kofia, glavu, na buti zinazooshwa.
- Chupa ya kupulizia maji, na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo ndani yake.
- Kisu kikali, koleo, patasi ndogo.
- Plastiki nene ya kutandika chini, tepu, vitambaa vya kufutia.
- Mifuko ya zipu, miwili kwa kila sampuli, na kalamu isiyofutika.
- Rangi au kizibio cha kufunika alama ya mkato.

Ukiona amekuja na nyundo na mfuko wa rambo, mrudishe.

Hatua ya 1: Kusanya historia ya jengo

Anza na wazee. Fundi aliyestaafu, mlinzi wa siku nyingi, jirani aliyeshuhudia ujenzi. Uliza paa liliwekwa lini, kama lilishawahi kubadilishwa nusu, kama kuna mahali paliungua au palivuja pakazibwa. Tafuta risiti na michoro ya zamani ofisini, au halmashauri kama jengo ni la umma.

Kenya imeipiga marufuku asbesto tangu 2006, Afrika Kusini 2008, na Uingereza, ambako vifaa vingi vya zamani vilitoka, ilimaliza kuifungia mlango mwaka 1999. Miaka hiyo inasaidia kushuku, lakini usiifanye hukumu. Mabati ya zamani huhamishwa. Nimeona banda la kuku jipya kabisa limeezekwa kwa mabati yaliyotolewa kwenye nyumba ya serikali iliyobomolewa.

Hatua ya 2: Zunguka jengo, mikono mfukoni

Zunguka nje na ndani ukiangalia na kupiga picha tu. Usikwaruze, usigonge, usipande. Mahali pa kutazama:

- Paa la mawimbi la rangi ya kijivu, lenye ukungu mweusi au kijani, unene wa milimita 6 hivi, lililofungwa kwa misumari ya kulabu yenye washa.
- Kofia za paa, gata na mabomba ya kushusha maji ya mvua. Watu hubadili paa wakaacha gata zilezile.
- Dari za bodi bapa, hasa zilizopigiliwa vipande vya mbao kwenye maungio, na bodi za chini ya upenu.
- Matangi ya maji ya kijivu darini na mabomba ya saruji ardhini.
- Vigae vya plastiki vya sakafuni vya mraba, hasa vya inchi 9 kwa 9, pamoja na gundi nyeusi iliyo chini yake.
- Kwenye hospitali, viwanda na hoteli za zamani: mabomba ya mvuke yaliyovishwa kitu cheupe kama plasta, boila, gasketi, kamba za milango ya tanuru, milango ya kuzuia moto, na bodi zilizo nyuma ya fyuzi za umeme.

Hicho cha mwisho ndicho kinachonitisha kuliko paa. Bati la asbesto kwa kawaida lina asilimia 10 hadi 15 ya nyuzi, zimeshikwa na saruji. Vazi la bomba la mvuke linaweza kuwa na nyingi zaidi, na linafikichika kwa kidole. Wengi huhangaikia paa, huku kwenye chumba cha boila mhudumu anatundika shati lake juu ya bomba linalomwaga unga.

Andika hali ya kila kitu: kizima, kina nyufa, kimevunjika, kinamwaga unga. Andika pia nani hupita hapo na mara ngapi.

*Onyo kubwa: usipande juu ya paa.* Bati la asbesto lililozeeka halibebi mtu. Linaonekana gumu kama sakafu, halafu linakatika mara moja bila kulia. Nilikuwa chini ya ghala moja kijana alipokanyaga katikati ya mawimbi akaanguka mita 5 hivi kwenye sakafu ya zege. Alivunjika nyonga. Alikuwa amepanda "kuhakikisha tu kama ni asbesto". Asbesto huua baada ya miaka mingi; kuanguka huua siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Amua unataka ukaguzi wa aina gani

Kuna aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la gharama.

Ukaguzi wa matumizi ya kawaida ni wa jengo linaloendelea kukaliwa. Mpimaji huangalia panapofikika, huchukua sampuli chache, na lengo ni kujua kilipo na hali yake.

Ukaguzi wa kabla ya ukarabati au kubomoa ni mzito. Hufungua kuta, huinua vigae, huingia nyuma ya dari na chini ya sakafu. Eneo husika lazima liwe tupu. Kama unataka kubomoa na umefanya ule wa kwanza pekee, bado hujapima.

Hatua ya 4: Mchague mpimaji na maabara

Waulize maswali haya kabla ya kuzungumza bei:

1. Amefunzwa wapi kuchukua sampuli za asbesto, na ana cheti gani?
2. Sampuli zinapelekwa maabara gani, na je, maabara hiyo ina ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara) kwa kipimo hiki hasa? Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji tu.
3. Kipimo kitafanywa kwa njia gani?
4. Je, yeye au kampuni yake ndiyo itakayoondoa asbesto ikipatikana? Kama ndiyo, tafuta mwingine wa kupima. Anayelipwa kwa kuondoa asipewe kazi ya kusema kama ipo.

Kenya, ofisi za kuanzia ni NEMA kwa mambo ya mazingira na taka, na DOSHS kwa usalama wa wafanyakazi. Tanzania Bara ni NEMC na OSHA, na kwa maswali ya maabara unaweza kuanza na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Piga simu uulize wanaoruhusiwa kufanya kazi hii eneo lako. Kama sampuli itasafirishwa kwenda maabara ya nje ya nchi, mpimaji ashughulikie vibali na ufungashaji. Usiitume wewe kwa basi ndani ya bahasha.

Hatua ya 5: Andaa siku ya kazi

Chagua siku isiyo na watu: wikendi au likizo kwa shule. Zima feni na viyoyozi, funga madirisha ya chumba husika. Ondoa vyakula, nguo na magodoro. Weka kamba na kibao cha kuzuia watu, na mtu wa kusimama hapo, maana watoto hawasomi vibao.

Waambie wapangaji na wafanyakazi mapema kinachofanyika. Mtu akimwona jirani yake kavaa ovaroli nyeupe na barakoa bila kuelezwa, habari itakayofika sokoni jioni itakuwa nyingine.

Hatua ya 6: Kuchukua sampuli

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kunyooka. Simama nje ya kamba, angalia kama anafuata mpangilio huu.

1. Anavaa kila kitu kabla ya kuingia, na anajaribu kama barakoa imebana. Mwenye ndevu barakoa haimbani vizuri. Hewa hupita pembeni. Anyoe au aje mwingine.
2. Anatandika plastiki chini ya mahali pa kukata na kuibana kwa tepu.
3. Anachagua mahali pasipoonekana sana, na ikiwezekana palipokwisha kuvunjika: pembe ya bati, ukingo wa dari, nyuma ya kabati. Kwa paa, anafikia ukingo kwa ngazi au jukwaa kutoka chini. Hakanyagi bati.
4. Analowanisha mahali hapo kwa maji ya sabuni, anasubiri yanywe, anapuliza tena. Sabuni husaidia maji yaingie ndani badala ya kuteleza juu. Kwenye vazi la bomba maji yanatakiwa yafike hadi ndani kabisa. Umeme uzimwe kama kuna nyaya karibu.
5. Anakata au kubana kipande kidogo kwa kisu au koleo, polepole, huku akiendelea kulowanisha. Ukubwa wa sentimita za mraba 3 hadi 5 unatosha. Hakuna msumeno, hakuna grainda, hakuna drili ya umeme.
6. Kipande kinashika unene wote hadi chini. Kwenye bomba kunaweza kuwa na tabaka tatu, na asbesto iko kwenye ile ya ndani tu. Kigae kichukuliwe pamoja na gundi yake.
7. Kipande kinaingia mfuko wa kwanza, unafungwa, unafutwa nje kwa kitambaa chenye maji, kisha unaingia mfuko wa pili.
8. Anaandika namba hapohapo, si baadaye kwenye gari: namba ya sampuli, tarehe, chumba, ni kitu gani. Anapiga picha yenye namba ileile, na namba hiyo inaandikwa kwenye ramani yako.
9. Anafuta au kubadili vifaa kabla ya sampuli inayofuata. Kisu kichafu huhamisha nyuzi, nawe utaambiwa dari yako ya jipsamu ina asbesto.

*Sampuli ngapi?* Hili nalo huulizwa kila mara. Bati la saruji hutengenezwa kiwandani kwa mchanganyiko uleule, kwa hiyo sampuli moja kwa kila aina ya bati huweza kutosha. Mimi hupendelea mbili. Neno muhimu ni "kila aina". Kama paa lilirekebishwa mara tatu, unaweza kuwa na aina tatu zinazofanana sura, na moja tu ndiyo yenye asbesto. Vazi la bomba ni kinyume chake: lilikorogwa kwa mkono na kupakwa hapohapo, mita hii na ile hazifanani. Wakaguzi wa Uingereza huchukua sampuli moja kila mita 3 za bomba au karibu na hapo. Plasta na rangi za kupuliza zilizopakwa kwenye dari, Wamarekani huchukua angalau 3 kwa eneo dogo, 5 kwa la kati na 7 kwa linalozidi mita za mraba 465.

Mpimaji akichukua sampuli moja kwa shule nzima, hujapimiwa shule.

Hatua ya 7: Kuziba na kusafisha

Alama ya mkato inapakwa rangi au kizibio papo hapo ili isiendelee kumwaga. Plastiki inapuliziwa maji, inakunjwa kuelekea ndani na kufungwa kwenye mfuko. Sehemu zote zinafutwa kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu ni mwiko. Mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi nayo ni mwiko, kwa sababu nyuzi hupita kwenye kichujio chake na kutapakaa chumba kizima.

Ovaroli inavuliwa kwa kuiviringisha ndani nje, na barakoa hutolewa mwisho kabisa. Ovaroli, vitambaa na plastiki ni taka hatari sasa: mifuko miwili, alama, na mpimaji aondoke nazo. Zisiingie kwenye jalala la mtaa, wala zisichomwe. Moto hauui asbesto.

Hatua ya 8: Maabara

Sampuli iondoke na fomu inayoonyesha nani alimkabidhi nani, saa ngapi. Ikitokea kesi ya mkandarasi au mpangaji, fomu hiyo ndiyo itakayokutetea.

Kipimo cha kawaida ni PLM. Mchambuzi hutenganisha nyuzi, huziweka kwenye kimiminika maalumu, kisha huzitazama chini ya hadubini ya mwanga wa polaraizi. Kila aina ya madini hutoa rangi na tabia yake. Kwa vigae vya plastiki PLM huweza kupitwa, kwa sababu nyuzi zilizosagwa humo ni ndogo mno. Kikirudi "hakuna" kwa kigae cha zamani, omba kirudiwe kwa TEM, yaani hadubini ya elektroni. Ni ghali zaidi, kwa hiyo itumie pale inapohitajika.

Hatua ya 9: Kusoma ripoti

Usiishie kwenye ukurasa wa kwanza. Linganisha namba za sampuli na ramani yako, moja baada ya nyingine.

Majina utakayoyaona zaidi ni matatu: krisotaili, ambayo ni nyeupe, amosaiti, ya kahawia, na krosidolaiti, ya bluu. Bluu na kahawia ni hatari zaidi kwa mesothelioma, lakini nyeupe si salama, hata kama muuzaji mmoja wa mabati aliwahi kuniapia kuwa ni salama.

Herufi ND au NAD maana yake asbesto haikugunduliwa *kwenye kipande hicho*. Haisemi lolote juu ya chumba cha pili.

"Chini ya asilimia 1" si sawa na "hakuna". Sheria za Marekani huhesabu kitu kuwa cha asbesto kikizidi asilimia 1, lakini ukikisaga kitu chenye nusu asilimia bado utavuta nyuzi. Kitendee kama chenye asbesto.

Angalia pia kama ripoti inataja njia ya kipimo, jina la mchambuzi, na namba ya ithibati. Ripoti isiyo na vitu hivyo ni barua tu.

Hatua ya 10: Fanya uamuzi, andika rejista

Kupatikana kwa asbesto si amri ya kubomoa kesho. Hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu nimeona madhara zaidi kutokana na haraka ya kuondoa kuliko paa lenyewe lilivyokuwa. Bati zima lisiloguswa linaweza kubaki, likaguliwe kila mwaka. Lenye nyufa linaweza kupakwa rangi ya kufunga, bila kulisugua wala kulipiga maji ya presha kwanza. Linalomeguka, au lililo mahali unapotaka kutoboa, liondolewe na wenye kibali, nzima nzima, likiwa limelowa, na lizikwe kwenye dampo lililoidhinishwa.

Andika rejista: nini, wapi, hali gani, tarehe ya ukaguzi ujao. Ibandike mahali fundi anapofikia. Fundi wa dishi, wa sola, wa AC, wa umeme, wote waione kabla ya kutoa drili.

Kwa nini tusipime hewa tu?

Kwa sababu kipimo cha hewa hujibu swali jingine. Pampu huvuta hewa kupitia kichujio, na mchambuzi huhesabu nyuzi zenye urefu unaozidi mikromita 5. Njia ya kawaida ya kuhesabu haitofautishi uzi wa asbesto na uzi wa pamba au wa zulia. Halafu inapima saa ile tu: paa bovu siku isiyo na upepo litakupa namba nzuri. Kipimo cha hewa mahali pake ni baada ya kazi ya kuondoa, kabla watu hawajarudi. Uingereza hutumia kiwango cha chini ya uzi 0.01 kwa mililita ya hewa kuruhusu watu kuingia.

Mambo yakikwama

*Maabara imesema sampuli haitoshi.* Kipande kilikuwa kidogo au hakikushika unene wote. Ichukuliwe tena mahali palepale palipozibwa, usifungue tundu jipya.

*Ripoti mbili zinapingana.* Kabla ya kuilaumu maabara, angalia kama sampuli zilitoka bati moja. Mara nyingi ni aina mbili tofauti. Kama ni bati lilelile, peleka sampuli ya tatu maabara nyingine na uongozwe na ile iliyogundua.

*Pesa za kupima hazipo.* Basi ichukulie kuwa ni asbesto na uitendee hivyo: usitoboe, usikate, usisugue, weka kwenye rejista. Kukisia kwamba ipo hakugharimu kitu. Kukisia kwamba haipo ndiko kunakogharimu.

*Tunakinga maji ya mvua kwenye paa hili.* Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha asbesto kwenye maji ya kunywa, maana ushahidi wa madhara ya kuimeza ni dhaifu ukilinganisha na wa kuivuta. Ninachohofia mimi ni tope la gata na la chini ya tangi. Likikauka na kufagiwa linakuwa vumbi. Litolewe likiwa bichi, kwa glavu na barakoa, lifungwe kwenye mifuko. Mwaga maji ya dakika za kwanza za mvua, na ukipata nafasi badili chanzo.

*Fundi ameshatoboa.* Simamisha kazi. Watu watoke, feni izimwe. Anayebaki avae barakoa ya P3, alowanishe vumbi, alifute kwa vitambaa vyenye maji, afunge kila kitu mifuko miwili. Nguo za fundi zisikung'utwe wala zisiende nyumbani kuchanganywa na za watoto.

*Vipande vimelala uwanjani na watoto wamevichezea.* Vilowanishe, viokote kwa glavu na barakoa, vifunge. Watoto waoge, nguo zifuliwe peke yake. Mara moja kama hiyo ni hatari ndogo, mzazi aelezwe hivyo bila kufichwa. Asimkimbize mtoto kupigwa eksirei wiki hiyo, haitaonyesha chochote. Aandike tarehe na mahali kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, ili daktari wa miaka ijayo aikute.